Kibubu cha namba kutoka Keko: nimekaa nacho miezi saba, haya ndo niliyoyaona

Nianze na bei maana najua wengi ndo mnachotaka kujua: elfu kumi na mbili. Fundi alianzia kumi na tano, nikamwambia we unaniuzia kitu cha kutunzia hela alafu unataka kunimalizia hela hapohapo, akacheka, tukamalizana kwenye kumi na mbili. Mbao ya paini, plaiwudi kwa chini, vanishi nyekundu, tundu juu, na upande wa mbele kachora visanduku vya namba kwa makapeni, kila ukitumbukiza hela unakata kisanduku kimoja. Ndo hicho tu. Hakina betri, hakina laini, hakiombi namba ya NIDA.

Nimekaa nacho kuanzia Machi 2025 mpaka Oktoba, nimekivunja, nimehesabu, na kuna watu wawili watatu nilikuwa nawasimulia wakaniambia bro andika hiyo kitu. Sasa naandika. Ila mjue kabisa siandiki kama mtu aliyefanikiwa, naandika kama mtu aliyekuwa anaogopa hela.

Ndiyo, kuogopa. Sio kukosa. Kukosa tunakujua wote.

Mimi ni fundi simu Kariakoo, mwaka wa kumi na moja huu. Siku nzuri naondoka na elfu arobaini, siku mbaya elfu tano, kuna siku naondoka na nauli ya kuazima. Nafungua simu za watu mchana kutwa, nabadilisha vioo, nasafisha chaji sistimu, naona meseji za watu bila kutaka (mafundi wenzangu mnanielewa), lakini yangu mwenyewe meseji ya muamala ikiingia naigeuza kifudifudi juu ya meza. Siangalii salio. Naweza nikakaa wiki mbili sijui nina shilingi ngapi, alafu nikifika kwa wakala kutoa namwambia "jaribu thelathini", ikikataa namwambia "jaribu ishirini". Wakala mmoja akaniuliza, kaka hii ni akaunti yako kweli? Watu nyuma yangu kwenye foleni wakacheka, na mimi nikacheka, ila usiku nilikuwa nalifikiria lile swali.

Alafu kuna hii ambayo sikuwahi kumwambia mtu. Hela ikiwepo nina wasiwasi, isipokuwepo nina wasiwasi, tofauti yake ni kwamba ikiwepo naimaliza haraka ili wasiwasi uhame. Yaani kama umeshika sufuria ya moto unatafuta tu pa kuiweka. Nikipata laki ya kazi moja kubwa, mpaka jioni imeshaisha: nimewalipa watu wasionidai sana, nimenunua viatu, nimemtumia mtu aliyenipiga mzinga asubuhi hata bila kumuuliza shida yenyewe. Ikishaisha natulia. Nalala vizuri kabisa sina hata mia. Mke wangu alikuwa anasema mimi nina moyo wa kutoa. Mama Neema, haikuwa moyo, ilikuwa woga.

Kilichonishtua ni mkopo wa simu. Mwaka 2023 nilikopa kwenye moja ya zile programu, niliandikiwa elfu hamsini, ikaingia elfu thelathini na nane, siku saba urudishe hamsini yote. Siku ya nane wakaanza kuwapigia watu walioko kwenye simu yangu. Na kwa sababu mimi kama kawaida yangu nilikuwa nimeigeuza simu kifudifudi, sikujua chochote mpaka mama mkwe akapiga. Alikuwa ametumiwa meseji kwamba mkwe wake ni tapeli. Mama mkwe! Mtu ambaye hata kula mbele yake nakula kwa heshima. Akaniuliza kwa upole, "Baba, una shida gani, mbona hukusema?" Bora angenitukana. Novemba 2024 Benki Kuu ilipotoa ile orodha ya majukwaa 69 ya mikopo ya mtandaoni yasiyo na leseni niliisoma yote mstari kwa mstari nimekaa chooni. Kama nililokopa lilikuwemo au halikuwemo tuyaache.

Basi nikaanza kutafuta dawa. Kabla ya kibubu nilipitia kwenye semina, na naomba niizungumzie kidogo maana nayo ililipiwa. Ukumbi uko Kinondoni, kiingilio elfu thelathini na maji madogo ya chupa bure. Tulikuwa kama watu themanini. Mwalimu kavaa suti safi, akatusimamisha, akatwambia tuitoe noti tuliyonayo tuishike kifuani tuiambie "nakupenda na wewe unanipenda". Mimi mfukoni nilikuwa na buku mbili ya nauli ya kurudi Mbagala. Nikaishika kifuani. Jirani yangu, dada mmoja wa makamo, akaninong'oneza, "kaka hii yangu ya marejesho, sijui niipende vipi wakati kesho inaondoka." Tukashindwa kujizuia. Sisemi semina zote ni za hovyo, kuna kitu kimoja alisema kikanikaa, kwamba ukitaka kujua unavyojisikia kuhusu hela kumbuka kwenu hela ilikuwa inaongelewaje. Sikukifanyia kazi siku ile ila kilikuja kurudi baadaye, ntafika. Baada ya hapo akaanza kuuza kozi ya laki moja na nusu na mimi nikatoka kwenda kupanda gari.

Keko nilienda kwa shughuli nyingine, kutafuta stuli ya kufanyia kazi. Mnaoijua Keko mnajua, vitanda, makabati, sofa mpaka barabarani, vumbi la mbao linakuingia puani toka unashuka kwenye daladala. Pembeni ya vitanda kuna kijana kapanga vibubu kama ishirini kwenye turubai. Vya duara, vya nyumba, vya umbo la moyo (hivi vya zawadi za wapenzi, vina maandishi, siwezi kununua kitu kilichoandikwa "Mimi na Wewe" nikakiweka sebuleni), alafu vya namba. Kilichonivuta ni zile namba. Nilimuuliza zinafanyaje kazi, akasema bosi we kila ukipata unaweka, unakata, zikiisha unavunja unakuta laki sita. Akavitaja na visanduku: vya elfu mbili hamsini, vya elfu tano arobaini, vya elfu kumi thelathini. Piga hesabu inakuja laki sita kweli.

Nimefika nyumbani nahesabu, vya elfu tano viko 39. Nikarudia mara mbili. Kwenye kona ya kulia chini, pale palipotakiwa kuwa na kisanduku cha arobaini, kapiga msumari. Kwa hiyo kibubu kimeandikwa LAKI SITA kwa herufi kubwa lakini ukikijaza chote utakuta 595,000. Napunguza nusu nyota kwa hilo, na kusema ukweli ndo kitu cha kwanza nilichokipenda, kwa sababu ili nigundue kosa ilibidi nikae chini nihesabu hela kwa mara ya kwanza sijui toka lini. Hela ambayo hata haipo bado.

Ubora wa kitu chenyewe. Mbao imepigwa randa vizuri mbele, nyuma hovyo, ukiipapasa unachomwa na kijiti. Vanishi ilinuka kama wiki mbili, usikiweke chumba wanacholala watoto mwanzoni. Tundu ni jembamba, noti inabidi uikunje mara mbili, sarafu ya jero inapita bila shida. Hakina kufuli wala mlango, kufungua ni kuvunja au kung'oa plaiwudi ya chini. Vipo vya kufuli elfu kumi na nane ila mimi najijua.

Sasa matumizi. Nilikiweka juu ya friji, pale mtu yeyote akiingia anakiona. Mke wangu hakupenda, akasema wageni watajua tuna hela. Hiyo sentensi iwekeni akilini. Nikamwambia kwa mwendo huu wataona tu kwamba hatuna, namba zote hazijakatwa.

Wiki ya kwanza niliweka buku mbili tatu tu. Kilichonishangaza ni sauti. Hela ya kwenye simu haina sauti, ina mlio wa meseji ambao kwangu mimi ulikuwa mlio wa balaa. M-Pesa imeingia Tanzania 2008, ndo mwaka nilioanza sekondari, kwa hiyo tokea naanza kushika hela ya maana hela kwangu ni meseji, na meseji nyingine ni za kudaiwa, nyingine za msiba, nyingine kadi ya mchango wa harusi ya mtu nisiyemkumbuka sura. Zote zinaingia mlango mmoja. Lakini noti iliyokunjwa ikidondoka kwenye boksi tupu inasema "tap". Basi. Haikuombi kitu. Neema ana miaka mitano, akawa kila jioni ananisubiri nifike aikate namba yeye kwa kalamu nyekundu, na siku nisipokuwa na kitu ananiambia, "baba leo hatukati?" bila lawama, anauliza tu kama anavyouliza leo hatuli samaki. Na mimi nikajikuta namjibu, leo hatukati, leo kazi ilikuwa mbaya. Nilivyolisema hilo neno kwa sauti, mbele ya watu wa nyumbani, hakuna kilichotokea. Hakuna aliyelia. Mama Neema akaendelea kuchambua mchicha.

Mnaweza kuona ni kitu kidogo. Mimi nimekulia nyumba ambayo hayo maneno hayakuwa yanasemwa.

Hapa ndo inabidi nitoke kidogo kwenye kibubu niende Morogoro, mnivumilie, ila bila hii mtaona nasifia tu boksi.

Pasaka ya 2025 ilikuwa tarehe 20 Aprili. Nikapanda treni ya SGR nauli elfu kumi na tatu, nikamnunulia mama kitenge na mchele, nikaenda. Jioni tumekaa uani nikawa namsimulia habari za kibubu kama kichekesho, fundi na msumari wake. Mama akacheka sana, alafu akanyamaza, akaingia ndani akatoka na kopo la Kimbo, lile la zamani la bati, mfuniko umeshika kutu. Akasema, "Mwanangu, na mimi ninacho changu. Ila sijui kama bado kinafaa."

Ndani noti zimeviringishwa kwenye karatasi, juu yake plastiki ya sukari na mpira. Noti kumi na nne za elfu kumi, sita za elfu tano, zote za toleo la zamani kabisa, zile ambazo mtoto wa sasa ukimpa atasema ni za bandia. Alafu kifungu kingine, noti za mia tano arobaini na nane, zile za 2010, kabla sarafu haijatoka 2014. Jumla 194,000. Mama hakuwa anajua ni ngapi. Nilivyomtajia akasema, "Kumbe zilikuwa nyingi hivyo."

Zilikuwa. Mnaokumbuka, Benki Kuu ilitangaza kwamba noti za zamani za kuanzia toleo la 1985 mpaka 2003, pamoja na ile ya mia tano ya 2010, zibadilishwe kati ya tarehe 6 Januari na 5 Aprili 2025, baada ya hapo sio hela halali tena. Sisi tulikuwa tarehe 20. Siku kumi na tano. Nikamuuliza mama, hukusikia tangazo? Redio yake haizimwi pale, inaanza na taarifa ya habari ya asubuhi mpaka usiku. Akasema alisikia. Alisikia mara nyingi. Kuna siku alivaa kabisa, akafika mpaka nje ya benki, akaona askari mlangoni na foleni, akarudi. "Niliogopa wataniuliza nimezitoa wapi."

Mama yangu ana miaka sitini na saba, hajawahi kuiba hata sindano.

Za elfu kumi na elfu tano zilikuwa za baba, alikuwa anaziita hela ya bati, za kuezeka kile chumba cha uani ambacho mpaka leo kina kuta tu na mpapai umeota katikati. Baba alifariki 2009. Alikuwa na kiduka, na mwaka 1983 ule msako wa wahujumu uchumi ulipopita yeye alikuwa na katoni kadhaa za sabuni na mifuko ya sukari, sio tajiri, ni duka tu kama la Mangi yeyote wa sasa. Watu walikuwa wanakamatwa kwa kukutwa na bidhaa. Mama anasimulia kwamba usiku huo baba na kaka yake walibeba sabuni wakaenda kuitupa mtoni, na asubuhi mto ulikuwa na povu, na baba alikaa siku nzima ndani anaogopa lile povu litamtaja. Baada ya hapo hakuwahi tena kuweka hela mahali pamoja, hakuwahi kumwambia mama ana kiasi gani, na sisi watoto tukiuliza "baba tuna hela?" jibu lilikuwa moja: "Shusha sauti."

Sasa rudini kwenye lile neno la mama Neema kwamba wageni watajua tuna hela. Na mimi na simu yangu kifudifudi. Na mtu anayemaliza laki kwa siku moja ili asikutwe nayo. Sikuwa nimewahi kuviunganisha. Nililala pale Morogoro naangalia dari najiuliza hivi mimi naogopa hela au naogopa povu ambalo hata sijaliona, nimezaliwa 1994.

Jumanne yake nilijaribu kuulizia, nikaambiwa muda umepita, ndo hivyo. Mama alizichukua akazirudisha kwenye kopo. Nikamwambia mama hizo sasa hazina kazi, akasema ni mwandiko wa baba yako uko kwenye karatasi aliyozifungia. Sikumbishia.

Kwa hiyo nilivyorudi Dar nikakiangalia kibubu changu kwa jicho lingine kabisa. Maana ukikitazama haraka ni kopo la Kimbo lilelile, kimepigwa vanishi tu. Hela imefichwa ndani ya kitu, giza, haizai. Tofauti yake ni zile namba za nje. Kopo la mama lilikuwa linaficha hela hata kwa mwenye hela. Kibubu changu hela imo ndani huioni lakini hesabu iko nje, juu ya friji, imekatwa na mtoto kwa kalamu nyekundu, mama mkwe akija anaiona. (Alikuja Juni. Akasoma namba zote, akasema "mnaendelea vizuri." Nilikaribia kulia kama mjinga.) Kwa hiyo mkiniuliza ninunue kibubu gani, jibu langu ni cha namba, na kama kimeandikwa maua tu chukua makapeni uchore mwenyewe.

Sasa mabaya yake, maana naona nimeanza kuhubiri.

La kwanza kinaibika, na mwizi wa kwanza ni mwenyewe. Mimi nina kibano cha kazi, kile chembamba cha kunyanyulia aisii kwenye bodi. Tarehe 25 Juni, Simba na Yanga, ile mechi iliyoahirishwa toka Machi 8, mimi ni mtu wa Mnyama, yaani Simba, toka utotoni na nilikuwa na uhakika ule wa kijinga. Nikageuza kibubu juu chini, nikakitikisa taratibu mpaka noti ikaja kwenye tundu, nikaibana kwa kibano, nikaivuta. Msimbazi mzima, noti ya elfu kumi, na jina lenyewe la noti, la mtaa wa klabu yetu, nikaona ni dalili njema. Nikaweka mkeka wa kubeti. Yanga wakashinda mbili bila wakachukua na ubingwa. Ile elfu kumi sikuirudisha na kisanduku chake kilikuwa kimeshakatwa. Niliwahi kudanganya mara nyingine moja pia, Neema ananisubiri na kalamu, sina kitu, nikajifanya natumbukiza, akakata elfu mbili hewa. Hiyo iliniuma kuliko ya mkeka, sijui kwa nini.

La pili, visanduku vya elfu kumi ni vingi mno kwa mtu wa kipato cha kila siku kama sisi. Utamaliza vya elfu mbili haraka na moyo utakuwa juu, alafu zinabaki kumi kumi zinakutazama. Kuanzia Agosti nilikuwa naweka mara moja kwa wiki, na zipo wiki sikuweka kabisa. Ningekuwa fundi ningechora vya buku buku mia moja. Mwambieni awachoree, kwa oda anachora.

La tatu, nyumba za kupanga. Ukikaa na watu wengi usikiweke juu ya friji kama mimi, tuwe wakweli. Na unyevu wa Mbagala kipindi cha masika ulifanya plaiwudi ya chini ivimbe kidogo, noti hazikuharibika ila zilitoka zinanuka vanishi. Mama lishe pale kijiweni alinusa akaniuliza hela zako zimetoka kwa mganga?

La nne hakizai hata senti, na bei ya vitu haikusubiri. Hili ndo kubwa kuliko yote na ndo maana mimi simshauri mtu akae na kibubu miaka. Kikoba kinazaa, ila kikoba kina watu na marejesho na mwenyekiti, na mtu mwenye presha ya hela kama mimi niliyekuwa naikimbia hata meseji ukimpeleka kikobani moja kwa moja atakimbia kikao cha pili. Najua, nilikimbia. Upatu ndo usiseme, kijumbe alikuwa jirani yangu mpaka nikawa napita njia ya nyuma.

Siku ya kuvunja ilikuwa Jumamosi ya kwanza ya Oktoba. Kwenye namba tulikuwa tumekata vya elfu mbili vyote hamsini, vya elfu tano 31, vya elfu kumi 14. Hesabu ya nje 395,000. Nikang'oa plaiwudi kwa bisibisi, tukamwaga mkekani, tukahesabu watatu, Neema anapanga sarafu. Ikaja 383,000. Mama Neema akarudia. 383,000. Akaniangalia.

Zamani ningesema labda panya. Nikamwambia, elfu kumi ni mkeka wa Simba, elfu mbili nilimdanganya mtoto. Kimya kidogo. Alafu akasema, "Hiyo ya Simba nilijua, kibano chako ulikiacha juu ya friji." Alijua toka Juni! Nikamuuliza mbona hukusema, akasema na mimi nilitoa buku tano ya gesi Julai nikarudisha kesho yake. Kwa hiyo kumbe tulikuwa tunaiba wote na hesabu inalingana. Hatujawahi kuongelea hela nusu saa bila mtu kununa, siku hiyo tuliongea mpaka chai ikapoa.

Laki mbili tumeipeleka UTT AMIS, ile taasisi ya serikali ya mifuko ya uwekezaji, iliyoanza na Mfuko wa Umoja 2005, sisi tumeingia mfuko wa Ukwasi kwa sababu unaweza kutoa ukipata shida. Laki moja nimeongeza vioo vya simu, mzigo unaotoka haraka. Iliyobaki ni ya sare na madaftari ya Januari. Salio la simu sasa naangalia kila asubuhi kabla sijapiga mswaki, sio kwamba woga umeisha, mapigo bado yanaenda mbio kidogo, ila naangalia. Wakala ananishangaa namtajia kiasi kamili mpaka mia.

Nyota nne kati ya tano. Ingekuwa nne na nusu kama sio msumari.

Na kwa sababu ya huo msumari wiki iliyopita nilirudi Keko kuchukua cha pili, safari hii cha mama, namba za buku buku, nataka nikipeleke Krismasi akiweke pale mezani karibu na redio. Kijana yupo palepale na turubai lake. Nikamwambia we bwana kile kibubu ulichoniuzia kina upungufu wa elfu tano, visanduku viko 39. Akakataa katakata, akachukua kingine cha aina ileile akaanza kuhesabu kwa kidole mbele yangu, akafika kona ya kulia chini, akaona msumari, akakaa kimya. Alafu akasema, "Bosi, hiyo ni ya fundi."